Ngazi ni ya Nani?

Mukiri alikuwa akifuma sweta za shule. Mashine yake ilikaa karibu na dirisha, katika fleti namba saba, ghorofa ya pili, kwenye jengo la Bwana Runji pale Makutano, mjini Meru. Akiinua kichwa aliiona steji yote. Aliona magari ya Maua, ya Isiolo, ya Nkubu, na yale ya kwenda Embu.

Ilikuwa Januari, mwaka wa 1996. Yeye na mumewe Koome walikuwa wameinunua fleti hiyo mwaka mmoja tu uliopita. Kabla ya hapo waliishi Ruiri. Kila asubuhi Mukiri alibeba gunia la sweta hadi mjini. Kila jioni alirudi nalo likiwa limepungua kidogo tu. Wateja wake walikuwa wakimwambia, "Mama Kendi, ungekuwa karibu na steji tungekupata."

Basi waliuza ng'ombe watatu na kipande cha shamba. Wakaongeza pesa ambazo Mukiri alikuwa ameweka kwa miaka tisa. Wakanunua.

Maisha yakawa mepesi. Mzazi alishuka gari, akapanda ngazi, mtoto akapimwa, na gari lililofuata likawarudisha nyumbani. Shule zikikaribia kufunguliwa, watu walipanga foleni hadi mlango wa chini. Koome alikuwa mpishi katika shule ya bweni kule Ruiri, na alikuja mjini kila Jumamosi. Binti yao Kendi alitembea kwenda shule kwa miguu. Hakuchelewa hata siku moja.

Jumatatu ya kwanza ya Januari, Mukiri aliteremka saa kumi na mbili asubuhi kununua maziwa. Chini ya ngazi alikuta geti la chuma. Jana halikuwepo. Lilikuwa limechomelewa usiku, watu wakiwa wamelala. Lilikuwa na kufuli mpya, na askari wa kulinda alikuwa ameketi kando yake juu ya kreti ya soda.

"Hii ni nini?" Mukiri akauliza.

"Ni geti, mama."

"Naona ni geti. Nauliza ni la nini."

"Ni la Bwana Runji. Kuanzia leo kila nyumba italipa ada ya ngazi kila mwezi. Na mgeni akitaka kupanda, alipe shilingi tano."

Mukiri alimtazama askari. Akalitazama geti. Kisha akasema, "Fungua nipite. Na mwambie Runji namngoja hapa hapa."

Runji alifika saa mbili. Zamani alikuwa mwalimu mkuu, na bado alizungumza polepole kama mtu anayeandika ubaoni. Alivaa tai hata siku za soko.

"Muga, mama Kendi," alimsalimu kwa Kimeru, akitabasamu.

Mukiri hakuitikia. "Mbona unatufungia kama mbuzi?"

"Usipandishe sauti. Tuongee kama watu wa nyumba moja. Jengo lina gharama. Taa, kufagia, rangi."

"Taa gani? Hapa ngazini hakujawahi kuwa na taa! Tunapanda kwa kupapasa ukuta. Na anayefagia ni mimi na Celina wa namba tano."

Runji alikunja mkono wa shati lake. "Mama Kendi, elewa. Mimi nilikuuzia nyumba. Sikukuuzia ngazi."

"Na nyumbani kwangu nitaingilia wapi? Dirishani?"

Makanga wawili waliokuwa wamesimama karibu wakacheka. Runji hakucheka. "Hilo ni shauri lako," akasema, akageuka, akaenda zake.

Mukiri alihisi damu ikimpanda kichwani. Kwa Kimeru, jina lake ni la mtu mkimya. Siku hiyo jina hilo halikumfaa hata kidogo. Alilishika geti kwa mikono miwili akalitikisa mpaka chokaa ikadondoka ukutani. Alipiga kelele. Alimwita Runji mwizi mbele ya steji nzima. Watu walikuja kutazama, wakatazama, wakaondoka.

Wateja pia waliondoka. Mama mmoja wa Nkubu alikuja na watoto watatu. Askari alimwambia alipe shilingi ishirini, yeye na watoto. Yule mama alikasirika, akaenda kununua sweta dukani. Mukiri alimwona kutoka dirishani. Alimwita, lakini kelele za magari zilimeza sauti yake.

Juma zima likapita hivyo. Kila asubuhi Mukiri aligombana na askari. Kila jioni aligombana na Runji. Sweta zilirundikana kitandani mpaka Kendi akawa analala kwenye kiti.

Jumamosi Koome alikuja. Alisikiliza yote huku akinywa chai.

"Tulipe tu," akasema mwishowe. "Tupate amani."

"Amani gani hiyo ya kununua kwa mwezi?"

"Runji ni mtu mkubwa, mama Kendi. Hati iko kwake. Sisi ni nani?"

"Sisi ni wenye hii nyumba! Lete ile karatasi mliyoandikiana."

Koome aliitoa ndani ya sanduku la nguo. Ulikuwa ukurasa mmoja, uliopigwa chapa. Mukiri hakuwa ameisoma hata siku moja. Siku ya kutia saini yeye alikuwa Ruiri akimaliza oda ya shule. Sasa aliisoma, kidole chake kikifuata kila mstari.

*Mimi Runji nimemuuzia Koome fleti namba saba. Amemaliza kulipa. Nitamtolea hati yake.* Chini palikuwa na saini mbili, na saini ya shahidi.

Aliisoma tena tangu mwanzo.

"Jina langu liko wapi?"

Koome aliweka kikombe chini. "Runji alisema jina la mwanamume linatosha."

"Runji alisema. Na wewe ulisema nini?"

Koome alikivuta tena kikombe chake.

"Miaka tisa, baba Kendi! Vidole hivi vimefuma mpaka vikaota sugu. Hata ng'ombe mmoja kati ya wale watatu nilinunua mimi. Na kwenye karatasi mimi sipo? Kesho ukigongwa na lori hapo barabarani, mimi na Kendi ni wapangaji wa nani?"

"Sikufikiria hivyo."

"Hukufikiria kabisa!"

Kesho yake Koome alirudi Ruiri. Alipokuwa akitoka, aliiacha ile karatasi juu ya mashine ya kufuma. Mukiri alikuwa na hasira na Runji, na hasira na mumewe. Lakini hasira iliyomchoma zaidi ilikuwa juu yake mwenyewe. Alikuwa mtu wa kuhesabu kila uzi. Iweje alinunua nyumba bila kusoma karatasi?

Jumatatu iliyofuata alisikia sauti kutoka chini. "Mama Kendi! Teremka na futi ya kupimia! Mimi silipi shilingi tano kupanda ngazi!"

Alikuwa Wanjugu, mteja wake. Wanjugu alikuwa mwenyeji wa Kiritiri, upande wa Embu, na alikuwa amepanga chumba nyuma ya soko. Alifanya kazi ya ukarani katika ofisi ya wakili mmoja mjini. Kazi yake ilikuwa kupeleka na kuchukua karatasi katika ofisi ya ardhi. Alikuwa amekuja na mwanawe wa darasa la pili.

Ufunguo wa askari ulikuwa haupatikani asubuhi ile. Mukiri alimpima mtoto kupitia vyuma vya geti, mikono yake ikitoka nje kama ya mfungwa. Alipokuwa akimzungushia mtoto futi kifuani, machozi ya hasira yalimtoka.

"Umefanya nini kuhusu hili geti?" Wanjugu akauliza.

"Nimempigia Runji kelele juma zima."

"Na yeye?"

"Ameongeza kufuli ya pili."

"Basi kelele zimekwisha kazi," Wanjugu akasema. "Nionyeshe karatasi yenu."

Askari alipofungua, waliketi juu ya mabunda ya mitumba ya Celina. Celina alikuwa jirani wa fleti namba tano, na aliuza nguo pale chini ya jengo. Yeye pia alikuwa amenunua kutoka kwa Runji. Wanjugu alisoma mara moja tu.

"Haya ni makubaliano," akasema. "Ni ahadi iliyoandikwa. Ina saini na ina shahidi, na hilo ni jambo zuri. Lakini si hati. Kabla ya kulipa, mlikwenda ofisi ya ardhi kuangalia rejista?"

"Runji alituonyesha hati yake."

"Hati inaweza kukaa kabatini miaka kumi huku mambo yamebadilika kwenye rejista. Kila ploti ina ukurasa wake kule. Sehemu ya kwanza inaeleza ploti yenyewe. Ya pili ina jina la mwenye mali. Ya tatu inaonyesha kama kuna mkopo au kizuizi. Mtu yeyote anaweza kujaza fomu, akalipa ada kidogo, akajibiwa kwa maandishi. Hiyo ndiyo huitwa sachi."

"Mbona hukuniambia?" Mukiri akamkaripia. "Mwaka mzima unamvalisha mwanao sweta zangu, na ulijua haya yote!"

"Hukuniuliza, mama Kendi. Uliniambia mmehamia. Nikakuletea sukari."

Mukiri aliikumbuka sukari hiyo. Ilikuwa kweli.

Kesho yake hakufuma. Alijifunga kitambaa kichwani akaenda na Wanjugu hadi ofisi ya ardhi. Walijaza fomu, wakalipa, wakangoja kwenye benchi pamoja na wazee waliokuja kwa kesi za mipaka. Baada ya chakula cha mchana walipewa jibu. Mukiri alilisoma papo hapo akiwa amesimama.

Ploti ilikuwa moja. Hati ilikuwa moja. Jina lilikuwa moja, la Runji.

"Na namba saba iko wapi?"

"Haipo," Wanjugu akasema. "Kwenye rejista hakuna namba saba, wala tano, wala moja. Kuna ploti tu, na kila kilicho juu yake."

"Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nikiishi mahali pasipokuwepo!" Mukiri alisema kwa sauti, na wazee wote kwenye benchi wakageuka.

"Tulia. Tazama sehemu ya tatu. Ni tupu. Leo hajakopa kwa ploti hii. Hiyo ndiyo bahati yenu."

Njiani Wanjugu alimweleza mengine. Tangu mwaka wa 1987 kulikuwa na sheria ya kugawanya jengo. Mpima ardhi huchora ramani ya jengo lote, fleti kwa fleti. Ramani ikisajiliwa, kila fleti hupata hati yake.

"Na ngazi?" Mukiri akauliza.

"Ngazi, paa, tangi la maji, uwanja wa nyuma, hayo yote huwa mali ya wenye fleti kwa pamoja. Kila mmoja ana fungu lake. Huwezi kununua fleti bila fungu lako la ngazi. Wenye fleti huwa na shirika lao, na wao ndio huamua gharama za jengo. Si Runji."

Mukiri alisimama katikati ya njia. Mkokoteni wa viazi ulimpita kando. "Alijua," akasema. "Mwalimu mkuu mzima. Alijua."

Walipofika, Celina aliwakimbilia. "Mama Kendi, sikujua kama ni muhimu. Juma lililopita kulikuja wanaume wawili wenye tai. Walipima jengo lote kwa futi ndefu, wakaandika. Nilidhani ni mafundi wa rangi."

Wanjugu hata hakuketi. "Hao ni watu wa kukadiria thamani. Runji anatafuta mkopo wa benki. Ataweka ploti rehani. Akishindwa kulipa, benki itauza jengo. Itauza pamoja na fleti zenu, kwa sababu kwenye rejista hamko."

Celina alishika kichwa. "Sasa tufanye nini?"

"Mna makubaliano yenye saini. Yanawapa haki ya kuweka zuio. Mnaapa mbele ya wakili kwamba mmenunua, na karatasi inapelekwa kwa msajili wa ardhi. Zuio likiandikwa katika ile sehemu ya tatu, Runji hawezi kuuza wala kuweka rehani bila nyinyi kukubali au bila msajili au korti kuliondoa. Lakini lazima muwahi. Ikiwa benki itatangulia, mtakuwa nyuma yake."

Jioni hiyo Mukiri aligonga milango yote. Fleti zilikuwa kumi na mbili, na nane zilikuwa zimenunuliwa. Watu walimsikiliza wakiwa wamesimama mlangoni, mlango umefunguliwa nusu. Karibu wote walisema neno lile lile.

"Runji atakasirika."

"Na mimi?" Mukiri akawauliza. "Mimi sijakasirika? Wewe hujakasirika? Mbona hasira ya Runji pekee ndiyo inaogopwa?"

Saba walikubali. Wa nane alisema atafikiri. Alfajiri Mukiri alimpata akimngoja kwenye ngazi, karatasi yake mkononi.

Mukiri alimpigia Koome kwenye simu ya shule. Koome alikuja siku ile ile, aproni ya jikoni ikiwa bado ndani ya mfuko wake wa plastiki. Katika ofisi ya wakili Kivuti, aliyekuwa mwajiri wa Wanjugu, wote nane waliapa na kutia saini. Wakili alimuuliza Koome kama alikuwa na la kuongeza.

"Ndiyo," Koome akasema, macho yake yakiwa mezani. "Andika kwamba mke wangu alinunua pamoja nami. Nyumba ni ya wote wawili."

Mukiri hakumshukuru. Hakuona sababu ya kumshukuru mtu kwa kumrudishia kilicho chake. Lakini walipotoka nje alimnunulia chai na mandazi, na walikunywa pamoja.

Mazuio yalipokelewa siku hiyo hiyo. Baada ya majuma matatu, Mukiri alisikia viatu vizito vikipanda kwa kasi. Runji alisukuma mlango bila kubisha. Tai yake ilikuwa imelegea.

"Mama Kendi, umenifanyia nini? Benki imenirudishia karatasi zangu! Wamesema kuna mazuio manane!"

Mukiri aliendelea kufuma. Mashine ilikwenda kulia, ikarudi kushoto.

"Nakuuliza wewe!"

"Nimesikia. Umenikumbusha siku nilipokuuliza kuhusu geti. Ulisema ni shauri langu."

"Nimewapa nyumba karibu na steji. Watu wa Ruiri mlikuwa mnalala na ng'ombe!"

Mukiri alisimamisha mashine. Alisimama. Hakuwa mrefu, lakini Runji alirudi nyuma hatua moja.

"Hukutupa," akasema. "Tulinunua. Ulitia saini kwa mkono wako kwamba utatoa hati. Ulikula pesa zetu, ukaficha hati, kisha ukataka tukulipe kwa kupanda kwenda kulala. Halafu ukataka kutuweka rehani tukiwa ndani! Wewe ulikuwa mwalimu. Watoto wetu uliwafundisha nini?"

Milango mingine ilifunguliwa. Celina alitoka, na wenzake wakatoka. Hakuna aliyefungua mlango nusu. Runji alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kuongea naye kwa upole.

"Tuelewane," akasema.

"Tutaelewana kwa wakili Kivuti," Mukiri akajibu. "Kwa maandishi. Na geti litoke leo, kabla hatujaketi."

Geti lilitoka siku ile, saa kumi alasiri. Fundi aliyelichomelea ndiye aliyelikata, kwa gharama ya Runji.

Kazi ya hati haikuwa ya siku moja. Mpima ardhi alikuja mara nne. Karatasi moja ilikosewa ikarudiwa. Baraza la mji lilidai kodi za ploti ambazo Runji hakuwa amelipa, naye akalazimika kuzilipa. Mara mbili alijaribu kukawia, na mara mbili Mukiri alikwenda kuketi mlangoni pa duka la Runji na mashine ya mkono, akifuma, mpaka mzee alipotia saini. Ilichukua miezi tisa. Lakini ramani ilisajiliwa, na kila mwenye fleti akapata hati yake. Ile ya namba saba ilikuwa na majina mawili. Mukiri aliipeleka kwa Wanjugu, pamoja na sweta mpya ya mtoto. Sweta hiyo Wanjugu hakuilipia.

Fleti nne zilikuwa bado za Runji. Mume na mke kutoka Kiritiri walikuja kutazama namba kumi na mbili, wakapenda dirisha lake. Mukiri aliwapata ngazini.

"Mmefanya sachi?" akawauliza.

"Bado, mama. Lakini huyu mzee anaonekana mtu mwema."

"Hata kwangu alionekana hivyo. Nendeni ofisi ya ardhi kwanza. Nyinyi wawili, pamoja. Wakili wenu ndiye ashike pesa za mwanzo, si muuzaji. Na majina yote mawili yaandikwe tangu karatasi ya kwanza."

Walikwenda. Walirudi baada ya siku mbili wakiwa na jibu la maandishi mkononi, na namba kumi na mbili ilikuwa ndani yake.

Jumapili moja ya Desemba, shirika la wenye fleti lilifanya mkutano wa kwanza, huko juu ya paa, kando ya tangi la maji. Kila mtu alileta kiti chake. Runji pia alikuja na chake, akakaa nyuma kabisa. Walimchagua Mukiri kuwa mwenyekiti, na hakuwa ametaka. Wakachanga pesa za taa za ngazi, na hapo hakukuwa na ubishi.

Ubishi ulianza kwenye tangi. Celina alitaka tangi la pili. Wa fleti namba tatu alisema watu wa ghorofa ya juu ndio wanaomaliza maji kwa kufua. Mtu akamjibu vibaya. Watu watatu wakasimama kwa pamoja wakipaaza sauti, na Mukiri akagonga kifuniko cha tangi kwa kiatu chake, uso umemwiva.

"Mmoja mmoja!" akapiga kelele. "Hakuna atakayeshuka hapa mpaka tuamue!"

Koome alimvuta upindo wa gauni. "Mama Kendi, pole pole. Hasira tena?"

"Hii si ile," Mukiri akamwambia, na akamgeukia wa namba tatu. "Haya, wewe. Sema. Paa ni lako pia."

Waligombana mpaka jua lilipozama. Hawakumwita mtu yeyote wa nje kuwaamulia.